Mnara wa Baba na Jani la Sale

Miaka ile tulikaa kota za shamba la miwa, chini ya Moshi, na bado tulipanga foleni ya sukari. Sebule yetu ilikuwa na pambo moja tu: bango la zamani la kuwavutia wasafiri wa meli, lenye picha ya mnara wa taa juu ya mwamba, ziwa la buluu, na anga la rangi ya papai. Baba alikuwa mtunza taa wa mnara huo kabla hatujahama kanda ya ziwa kufuata kazi. Alijivunia bango lile kuliko kitu chochote.

Mchumba wangu, Mchagga wa huko juu migombani, alipokuja kujitambulisha aliliona akacheka.

"Shikamoo, baba. Hii si Ulaya? Huku kwetu nani awamulikie samaki?"

Alikuwa anatania tu. Baba alinyanyuka, akamfungulia mlango, akaniambia nitafute mwingine.

Jumapili iliyofuata mchumba wangu alirudi. Alisimama mlangoni, ameinama, akamnyoshea baba jani refu la kijani lililofungwa fundo.

"Ananiletea majani? Mimi mbuzi?" baba aliniuliza.

Nami kwa kimbelembele changu nikalichukua, nikamtupia mbuzi wa jirani. Mbuzi alilinusa, akalikanyaga. Mchumba wangu aliondoka bila kuaga.

Jirani, mama wa Kichagga kutoka Rombo, aliliokota na kuniuliza limefikaje pale. Nilipomweleza alishika kichwa.

"We binti! Hilo ni sale. Kwetu mtu akikujia nalo, hata kama amemwaga damu, unasamehe. Halikataliwi!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipomwambia baba, alisukuma sahani yake pembeni. Kesho yake alilibandua bango ukutani, akalikunja, akasema twende.

Tulipanda mlima hadi kwa kina mchumba wangu. Niliona haya hata kuamkia watu njiani. Masale yalikuwa yamepandwa kwenye kila mpaka wa shamba, lakini hatukuthubutu kuyagusa. Mama yake alitoka kutupokea. Baba aliinama, akamnyoshea bango.

Mama yule hakuwahi kuona ziwa. Hakujua mnara ule ni wa nini, wala kwa nini mzee mgeni anampa karatasi kuukuu. Alifuta mikono kwenye kanga yake, akalipokea kwa mikono miwili.