Nyuma ya Mlango wa Bafu

Mtaa mzima ulimwita Cheche, kwa kazi yake ya kuchomelea mageti na kwa hasira zake za ghafla. Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka minne, akamlea peke yake. Alijifunza kusuka nywele na kushona vifungo. Mambo mengine aliyaahirisha, akiona bado mapema.

Binti alipofika miaka kumi na miwili, mambo yakageuka. Leo anacheka hadi anajishika mbavu, kesho neno dogo tu linamfungia chumbani. Chunusi zikamjaa usoni, akakataa kupigwa picha. Cheche akadhani ni utovu wa adabu, akawa anamfokea.

Jumamosi moja asubuhi binti aliingia bafuni, hakutoka.

"Mwanangu, umeanguka?"

"Hapana. Baba, usiingie. Natokwa na damu. Nadhani nina ugonjwa mbaya."

Cheche alichomoa simu mfukoni. Akampigia dada yake, simu haikupokelewa. Akakimbilia duka la dawa na ovaroli yake yenye matundu. Mtu aliyezoea kupaza sauti kuushinda mngurumo wa mashine hajui kunong'ona, duka zima lilimsikia: "Naomba zile za... za kina mama! Za binti yangu!"

Muuzaji, mama wa makamo, hakucheka. Alimpa pedi na kumweleza kila kitu taratibu.

"Dada, njoo umwambie wewe," Cheche alimsihi muuzaji.

"Amekwambia wewe, kaka. Nenda."

Alirudi, akapenyeza pakiti mlangoni, akaketi sakafuni nje.

"Huumwi, mwanangu. Mwili wako unakua. Damu hiyo itakuja karibu kila mwezi, ingawa mwanzoni inaweza kurukaruka. Badilisha pedi kila baada ya saa nne hivi. Tumbo likiuma, niambie. Na zile hasira, na kulia bila kujua sababu, navyo ni sehemu ya kukua. Nilipaswa kukwambia mapema. Nisamehe."

"Na wewe ulipitia?"

"Damu, hapana. Ila sauti yangu ilikwaruza kama redio mbovu. Sikunyoosha mkono darasani muhula mzima. Hakuna aliyeniambia ni kawaida."

Ndani kikasikika kicheko, kisha maji yakafunguliwa.

Mwezi uliofuata, kwenye kikao cha wazazi shuleni, mwalimu wa afya aliwaomba kina mama wabaki wazungumzie kubalehe kwa mabinti. Cheche alibaki nao, baba pekee, akauliza wavulana watafundishwa lini. Muhula uliofuata wakafundishwa.

Nyumbani binti bado anabamiza milango. Baba naye bado anafoka, ila siku hizi husita kwanza, kisha hugonga na kuuliza, "Mwanangu, nipo hapa. Tuongee, au nikuache kidogo?"