Chai ya Choya Niliyomnyima Mama

Mama alilima mpunga Mbuchi maisha yake yote. Maji yalipofunika shamba lake kwa mara ya pili, nilimfuata nikamleta kwangu Kibiti. Alikuja na jembe, kikapu cha nguo na vidonge vyake vya presha.

Hakuweza kukaa bure. Masika ilipoanza nilimpa mbegu za choya nilizopewa na mwalimu mwenzangu, akazipanda nyuma ya nyumba kando ya mihogo. Kila asubuhi, akishasali, alikwenda kuzitazama kabla hata sijamwamkia. Zikakua mpaka zikamzidi kimo. Tulichuma pamoja, tukaketi barazani kubandua yale maua mekundu kwenye mbegu, tukayaanika kivulini juu ya mkeka.

Nilimchemshia chai yake kwa tangawizi. Sokoni watu husema choya inashusha presha, nami nikamwambia hivyo hivyo, kwa furaha tu, kama mtu anayesifia kilimo chake. Akawa anakunywa asubuhi, mchana na jioni.

Siku moja aliniambia, "Mwanangu, chai yako hii inanitosha."

Nikacheka, nikamwongezea kikombe.

Alianguka jikoni Ijumaa asubuhi. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakakatika. Hospitalini muuguzi akaniuliza, "Dawa za presha anatumia?"

"Kila siku," nikajibu bila kusita.

Niliporudi nyumbani kumchukulia kanga, nilivikuta vidonge chini ya kikapu chake, vya miezi miwili, havijaguswa. Nilikaa sakafuni. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akiniambia siku ile.

Nilirudi nikamweleza muuguzi ukweli. Hakunigombeza. Alisema, "Chai haina ubaya, dada. Ila vidonge haviachwi." Afadhali angenigombeza.

Mama aliishi wiki tano baada ya hapo, kitandani kwangu. Hakuweza kusema, lakini jioni alinyoosha mkono wake mzima kuelekea kwenye chupa ya chai. Alijua nilichokuwa nikimwekea humo. Mimi nilimpa maji. Kaka yangu, aliyekuja kunisaidia kumgeuza na kumwogesha, aliniambia, "Mpe tu. Muuguzi hajakataza."

"Siwezi," nikamwambia.

Mama alinitazama, kisha akageuza uso ukutani. Ikawa hivyo jioni baada ya jioni, mpaka akaacha kunyoosha mkono.

Tulimzika Mbuchi, karibu na marehemu baba. Watu walinisifu kwa jinsi nilivyomuuguza, nami nikawaitikia. Hakuna aliyejua kwamba masikio ya mama yalikuwa mazima hadi siku ya mwisho, na kwamba nilikuwa na wiki tano za kumweleza kwa nini namnyima. Sikumweleza. Niliogopa angejua kuwa nimeviona vile vidonge, akadhani namlaumu. Sasa naamini aliondoka akidhani nimemchoka.