Nyota Zisizo na Shahidi wa Pili

Watu wa mtaa wa Nguba wakisikia kwamba Mwanvita anasomea nyota, humwuliza analala saa ngapi. Yeye hucheka. Nyota zake huziangalia mchana, umeme ukiwapo, kwenye kompyuta: picha zilizopigwa zamani na darubini ya angani, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzipakua.

Ana miaka thelathini na minne, anafundisha fizikia katika shule ya wasichana. Baba yake, Kassim, huuza vitenge katika soko la Kadutu. Kwa miaka minne Mwanvita alikuwa akiandika mémoire, kazi ya mwisho ya chuo, kuhusu wingu moja la gesi na vumbi karibu na kundi la nyota la Jabari. Nyota huzaliwa humo kwa vishada, zikibanana. Vumbi huficha mwanga wao, lakini hupata joto, na joto hilo huonekana katika infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu nyota changa. Alichukua orodha mbili, moja ya infraredi, nyingine ya mwanga wa kawaida, akabakiza tu nyota zilizokuwa katika zote mbili. Hakuna mwalimu aliyemwagiza hivyo. Kule Uvira babu yake, mzee Abdulmajid, hakukubali Ramadhani iishe mpaka watu wawili waseme wameuona mwezi. Mwanvita alikua akiamini kwamba kinachoonwa na jicho moja bado ni tetesi.

Kwa hesabu hiyo, nyota changa kabisa zilikuwa mbili tu. Akaandika: wingu hili limemaliza kuzaa. Profesa Bulonza, msimamizi wake, akatia sahihi. Angeitetea kazi hiyo Ijumaa mbele ya jury, jopo la watahini, na chuoni palikuwa na nafasi moja ya mwalimu msaidizi, ya yule atakayemaliza kabla ya mwisho wa Julai.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alifanya mazoezi mbele ya Gloire, mwalimu wa biolojia.

"Na zile uliacha?" Gloire akauliza.

"Mia mbili na kumi na nne. Zilikosa shahidi. Mu picha ya mwanga wa kawaida hazionekane."

"Ma chère! Si umesema vumbi inaficha batoto? Mutoto iko mu tumbo ya mama yake, unamukataa juu hana photo ya passeport!"

Mwanvita alicheka hadi akashika meza. Kisha kicheko kikakatika.

Nyumbani aliziweka zile mia mbili na kumi na nne juu ya ramani ya wingu. Hazikutawanyika ovyo. Zilijikusanya pale vumbi lilipokuwa zito zaidi, kama watu wanaoota moto.

Si zote zilikuwa nyota. Galaksi za mbali nazo hung'aa vile vile katika infraredi, na kuzichambua moja moja kungechukua miezi. Ijumaa ilikuwa baada ya siku nne.

Kesho yake alibisha mlango wa Profesa.

"Papa prof, niko na kosa mu kazi."

"Ya maandishi? Utasahihisha tu na kalamu."

"Ya hesabu yote."

Alimweleza. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Maman, mu jury hakuna mutu wa nyota. Hakuna ataona."

"Mimi nimeisha kuona."

"Nafasi itaenda kwa mwenzako Ezéchiel."

"Najua, papa."

"Unajua, na bado umekuja." Akafungua droo, akatoa karatasi ya kuahirisha utetezi, akampa.

Ezéchiel alitetea kazi yake kuhusu maporomoko ya ardhi, akapata nafasi. Mwanvita alimpelekea sambusa za mama yake, wakala pamoja.

Oktoba alisimama mbele ya jury. Nyota changa kabisa zilikuwa thelathini na tisa. Wingu bado linazaa.

Sura ya tatu ya kazi ile inaanza kwa sentensi ambayo Profesa alimwomba mara mbili aifute: "Mwanzoni nilizikataa nukta mia mbili na kumi na nne, na miongoni mwao zilikuwamo zile nilizokuwa nikizitafuta." Imebaki. Mwanvita bado anafundisha ile shule, kuanzia saa moja na nusu kila asubuhi, na sasa anapakua picha za wingu la pili.