Niliandika NYUMBA HII HAIUZWI kwa mkono wangu, halafu nikazunguka miaka mitatu kutafuta wa kuinunua

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi humu ni msomaji tu, nasoma za wenzangu nacheka, naenda kulala. Leo naleta yangu. Haichekeshi sana na sitaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Sisi ni watu wa Bungoma, Kenya. Mzee wetu alikuja Kasese, huku Uganda, enzi za mgodi wa shaba, mgodi ulipolala akaingia kiwanda cha saruji, na mimi nikamfuata huko huko kiwandani. Alijenga nyumba Rukoki, nje kidogo ya mji, vyumba vinne na veranda, karibu na barabara. Nyumba ya matofali ya kuchoma, si mchezo.

Mzee akafariki. Ikabaki nyumba na mama, mimi nikipanga karibu na kiwanda na mke wangu.

Kama mwaka hivi baadaye, kaka yangu mkubwa, tumuite Wafula, anakuja kutoka Bungoma. Hasemi na mimi. Nasikia tu kwa majirani ameonekana na Hajji mmoja wa Bwera, kule mpakani na Kongo, mwenye malori, wanapima ua kwa hatua. Hajji anataka mahali madereva wake watapumzika.

Wakuu, damu ilinichemka. Nikasema huyu amekuja kumtoa mama nje, ale hela, arudi kwake.

Kiwandani kulikuwa na rangi nyekundu ya mafuta, ile ya kuandikia sehemu za hatari. Nikabeba nusu mkebe. (Ndiyo, niliiba. Nasema ukweli wote.) Jumamosi asubuhi nikasimama mbele ya ukuta unaoangalia barabara nikaandika, herufi urefu wa mkono wangu:

NYUMBA HII HAIUZWI. MNUNUZI JIHADHARI.

Mnajua Uganda hii mambo haya ni ya kawaida. Kila mji uko na ukuta wa namna hiyo. Ndugu wakigombana, mmoja anakimbilia brashi.

Mama alikuwa kwa veranda anachambua maharagwe. Alinitazama kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilipomaliza akaniletea chai. Hakusema kitu, na mimi nikajiona kidume nimemtetea mama yangu.

Hajji akaja jioni, akasoma, akageuza gari. Wafula akapanda basi kesho yake. Tangu siku hiyo hakunipigia simu, na mimi sikumpigia.

Sasa sikilizeni.

Miaka ikapita. Kiwanda kikapunguza watu, na mimi nikawa mmoja wao. Tukahamia kwa mama, mimi, mke na watoto. Mama miguu ilianza kuvimba. Siku moja namkanda na maji ya moto, namwambia kwa kujisifu kidogo, si unaona mama, kama singeandika ile maneno leo tungekuwa wapi.

Akasema, "Baba, ni mimi nilimtuma Wafula auze."

Nikamuuliza unasema nini.

"Mimi ndiye nilimwita. Nilitaka anijengee vyumba viwili kwa boma ya dada yangu huko Bungoma. Tuzeeke naye pamoja."

Dada yake ni mama mkubwa Nasimiyu. Walilelewa kitanda kimoja. Tangu mama aolewe akaletwa huku, walikuwa wakionana kwa matanga tu.

Nikamuuliza kwa nini hukusema siku ile, ulikuwa umekaa pale pale. Alinijibu bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. "Ulikuwa na brashi mkononi. Nikafikiri ni wewe unaitaka nyumba."

Wakuu, nilinywea. Kwa sababu ukiniuliza vizuri, uongo haukuwa mwingi hapo. Nilikuwa nimeshapanga kichwani watoto watalala chumba gani. Nilijiambia ni kwa ajili ya mama, lakini mama mwenyewe sikumuuliza. Hata swali moja.

Basi nikaapa nitauza, nimpeleke kwa dada yake akiwa bado anaweza kutembea. Hapo ndipo nilijua sijui.

Kwanza soko lenyewe limelala. Mwenye pesa Kasese anataka plot tupu ajenge ramani yake. Nyumba ya mzee wa mtu anaitazama kama nguo ya mitumba. Wengine wanaogopa mto kufurika, wengine wanasubiri bei ianguke. Bloka, hawa madalali, ndio usiseme. Wanakuja na wateja watatu kwa wiki, wanafungua kila mlango, mpaka kitanda ya mama wanachungulia, wanasema watapiga simu. Simu gani.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa ule ukuta.

Nilipaka chokaa mara mbili. Mvua moja tu, herufi zikarudi, za rangi ya waridi sasa. Nikakwangua. Nikapiga plasta, mimi mtu wa saruji miaka yote hiyo, nikalainisha vizuri. Ikakauka na rangi tofauti na ukuta mzima. Mtu akipita anaona kiraka kirefu kama bandeji, anauliza hapo chini kuna nini.

Na hata kama singeulizwa, boda wameshaipa stage yao jina. Stage ya Haiuzwi. Abiria anasema nishushe Haiuzwi, anashushwa kwa mlango wangu. Kuna mwalimu mmoja alitoka mjini na boda kuja kuona nyumba, mtu wa kweli kabisa, tulikuwa tumeongea bei. Hakufika. Njiani boda alimwambia, ile nyumba? Hiyo iko na maneno. Akamgeuza pale pale.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, kwa sababu hapa hakuna anayenunua bila kumuuliza yeye. Nikamwomba aeleze watu hakuna kesi. Akaniambia yeye anaona ndugu wawili hawasemezani, atawekaje muhuri? Lete kaka yako aweke sahihi.

Sikumpigia Wafula. Kiburi, wakuu. Nilijiambia nitapata mnunuzi kwanza halafu nimpigie nikiwa na habari njema.

Badala yake nikaenda Bwera kumtafuta yule Hajji. Nilimkuta kwa bohari yake anapakia kahawa. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaagiza soda. Nikaomba msamaha, nikamwambia nyumba ni yako, taja bei.

Akacheka kidogo. "Kijana, miye sina kasirani na weye. Lakini ile pesa nilishajenga nayo hapa Bwera. Na nyumba yako iko muzuri, ila batu banaiogopa. Weye mwenyewe ulibaambia baogope."

Nilirudi Kasese nikiwa nimeegemea dirisha la gari.

Miaka mitatu ikaenda hivyo. Mama hakuwahi kunisukuma. Kila Jumapili akitoka kanisani anampigia dada yake, wanaongea Kibukusu, lugha ya kwetu, mpaka betri inaisha. Kila wiki anamwambia bado kidogo, nyumba inauzwa.

Miezi miwili iliyopita simu ikaingia, namba ya Kenya. Wafula. Sauti yake nilikuwa karibu nimeisahau. Akasema mama mkubwa ametuacha asubuhi.

Tulisafiri wote. Mama akasimama pembeni ya kaburi, kando kuna kipande cha ardhi kimefyekwa, kimewekewa vigingi vinne. Wafula akanionyesha kwa kidevu tu. Ni pale vyumba viwili vingejengwa. Mama mkubwa alikataa kupanda hata mahindi hapo miaka yote, anasema ni pa mdogo wake.

Nililia mbele za watu, sioni aibu kusema.

Tuliporudi Rukoki mama aliniita kwa veranda. "Acha kuuza sasa. Niende kwa nani?" Halafu akaniambia nirudishe yale maandishi, amechoka na watu kuchungulia kitanda yake.

Nikafikiri anatania. Hakuwa anatania.

Jumamosi nikanunua rangi, ya pesa yangu safari hii. Nikaandika juu ya kile kiraka, herufi urefu ule ule. Mama amekaa pale pale na maharagwe. Nilipomaliza nilingoja chai. Hakuleta, miguu haimruhusu tena. Nikaingia jikoni nikaipika mwenyewe, nikampelekea.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kabla hujamtetea mzazi wako, muulize anataka nini. Ni swali la dakika moja. Na kama uko na ndugu mmenuniana, mpigie leo, usingoje habari njema.

Aliyepitia kitu kama hiki aandike hapa chini, nasoma zote. Mwenye matusi pia alete, nimeyazoea, mengi nimejitukana mwenyewe.

Ila nyinyi mabloka msije inbox. Nyumba haiuzwi.