Mama Futi, fundi anayekata jezi kabla majina hayajatajwa

"Kwani wewe dada ni fundi au ni mganga?"

Jirani yake, muuza vipuri vya baiskeli, alimuuliza hivyo miaka minne iliyopita, akiwa amesimama mlangoni na gazeti mkononi. Ndani ya gazeti kulikuwa na majina ya wanawake kumi na watano watakaoanza mechi ya kwanza ya timu ya taifa ya raga kwenye mashindano ya dunia. Majina kumi na matatu kati ya hayo yalikuwa kwenye daftari la fundi wiki sita kabla kocha hajafungua mdomo.

"Nikamjibu, jirani, ningekuwa mganga ningekuwa na gari," anasema mama huyo, akicheka kidogo huku akitunga uzi.

Ni saa mbili asubuhi. Ameshasali, ameshafungua madirisha yote mawili ya chumba chake cha kazi, ameshapangusa vumbi kwenye cherehani zake mbili. Jora la kitambaa cha jezi limeegemezwa ukutani, refu kumzidi yeye. Shingoni ana futikamba ya manjano, na ndiyo iliyowafanya wachezaji wamwite Mama Futi.

Mteja wa kwanza anaingia kwa ubavu, maana mlango ni mwembamba. Ni binti wa mstari wa mbele kwenye skramu, pale timu mbili zinaposukumana mabega kwa mabega kugombea mpira, na wenzake wamempa jina la Gogo.

"Nyoosha shingo."

"Hii ndiyo yote, Mama Futi. Nyingine Mungu hakunipa."

"Tulia basi."

"Usinikabe hivyo, refa hayupo!"

"Kumi na sita na robo." Fundi anafunua daftari nyuma kurasa kadhaa. "Mwezi wa pili ulikuwa kumi na tano na nusu. Umekula nini?"

"Skramu."

Wanacheka wote. Gogo akishatoka, fundi anaandika alama ndogo ya vema pembeni ya namba tatu. Kwa hesabu zake, huyo ameshapanda ndege, ingawa mwenyewe bado hajui.

Kubashiri kikosi hakukuanza kama mchezo. Chama cha raga huleta kitambaa mapema, lakini orodha ya wachezaji thelathini na wawili hutangazwa siku kumi tu kabla ya safari. Kila mchezaji anahitaji jezi mbili, kila moja na bukta yake. Jezi sitini na nne kwa siku kumi, mwanamke mmoja na cherehani mbili, haziwezekani.

"Kwa hiyo nakata kabla majina hayajatajwa," anasema. "Nikikosea, nimekata jezi ya mtu asiyekuwepo, na kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa jora."

Huwezi kushona saizi ndogo, ya kati na kubwa ukamaliza, anaeleza. Jezi ya raga hubana mwili. Ikilegea inchi moja tu, adui ameshapata pa kushika.

Malipo ya jezi moja hayafikii bei ya mikate mitatu. Kodi ya chumba hula nusu ya mapato ya mwezi. Sare za shule ndizo zinazomlisha, na raga, kwa maneno yake, "inanipa sababu ya kuamka."

Ana madaftari saba, yamefungwa kwa mpira wa suruali. Ndani yake mna vipimo vya wasichana aliowashonea tangu wakiwa na miaka kumi na mitano kwenye timu za shule. Anajua ni nani bega lake lilipanuka katika mwaka mmoja, na nani shingo yake iligoma. Kila mashindano yanapokwisha, hukaa na kalamu akaandika kumi na tano wa mashindano yanayofuata, miaka minne mbele. Halafu kila anayekuja kupimwa humsogeza juu au chini, au humfuta.

"Kocha anatazama wanavyokimbia leo. Mimi natazama nilichoandika mwaka juzi."

Hajawahi kukaa uwanjani kwenye mechi ya mashindano. Huangalia kwenye televisheni ndogo juu ya kabati, peke yake, sauti ameipunguza. Aliwahi kwenda kuangalia ukumbini pamoja na watu, akaacha.

"Wao wanafuata mpira, mimi natazama mishono. Mtu akivutwa jezi, wenzangu wanapiga kelele, mimi nashika kifua. Wakaona mama huyu ana matatizo."

Chumba chake cha kulala kiko nyuma ya pazia. Kitanda kimoja, kiti kimoja, na jiko la chungu kimoja. Mume wake aliondoka kwenda kutafuta maisha miaka kumi na moja iliyopita, na maisha aliyoyapata hayakumrudisha. Wamebaki yeye na binti yake wa pekee, na binti anaishi kambini na timu, ng'ambo ya pili ya mji. Huja Jumapili, mechi zikimruhusu.

"Unajua kazi yangu ni ya kukumbatia watu," anasema bila kuulizwa. "Nikiipitisha futikamba mgongoni nikaileta kifuani, kwa muda mfupi ni kama nimemkumbatia mtu. Halafu nasoma namba, naye anavaa, anakwenda."

Miaka minane iliyopita alifanya kosa ambalo halijamtoka. Kulikuwa na mchezaji waliyemwita Treni, winga, kipenzi cha watu wote. Mama Futi alimpima mapaja, na la kulia likawa dogo kuliko la kushoto kwa inchi moja na nusu.

"Nikasema futikamba imevutika. Zinavutika kweli, hizi za plastiki zikizeeka. Nikaandika kipimo kimoja, nikakata jezi, nikamweka namba kumi na moja."

Treni alikuwa anaficha goti bovu. Paja likikaa bila kutumika sawasawa, nyama yake hupungua taratibu. Katika mechi ya pili goti lilikatika mbele ya dunia nzima. Leo ni karani wa ghala na anatembea kwa fimbo.

"Nilikaa wiki nzima ndipo akili ikanirudia. Futikamba iliyovutika ingedanganya mapaja yote mawili. Haiwezi kuchagua mguu. Nilikuwa najua, ila nilimpenda sana yule mtoto, nikataka awepo."

Tangu siku hiyo hupima mapaja yote mawili ya kila mchezaji na kuyaandika daftarini, ingawa hakuna aliyemtuma.

Siku chache baada ya Gogo, binti yake alikuja kupimwa, wa mwisho kama kawaida ya watoto wa fundi. Ana miaka ishirini na minne. Anacheza namba saba, yule anayechomoka wa kwanza kwenye skramu kumfuata mwenye mpira. Safari iliyopita aliachwa dakika za mwisho, na tangu hapo ameishi kwa ajili ya safari hii.

Paja la kulia lilikuwa inchi ishirini na tatu na nusu. La kushoto, ishirini na mbili kasoro robo.

Mama alimwambia binti asubiri, akavuka barabara, akanunua futikamba mpya. Akapima tena. Akapima mara ya tatu.

"Nikamuuliza, mwanangu, lini? Akasema, lini nini? Nikamwambia mimi ndiye niliyekuzaa. Akatazama dirishani, akasema goti lina miezi miwili."

Fundi aliomba habari hii isitoke hadi fomu za vipimo ziwafikie wahusika. Zimeshafika. Binti, alipotafutwa kwa simu baadaye, alisema hana la kuongeza. "Mlikuwepo. Andikeni mlichokiona," alisema, akakata.

Kilichoonekana ni hiki.

Ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi. Mtunza vifaa wa timu alitarajiwa adhuhuri kuja kuchukua fomu arobaini, za wachezaji wote wa kambini. Kocha huzipitia mwenyewe, na husema kwa utani kwamba akiona fomu haipo hujiuliza fundi ameona nini. Fomu thelathini na tisa zilikuwa tayari, zimebanwa kwa pini. Moja ilikuwa mezani, na sehemu iliyoandikwa "paja" ilikuwa tupu.

Binti aliingia na begi la mazoezi begani. Alimwamkia mama yake, akamwamkia mwandishi wa makala haya, akavuta stuli, akakaa. Mguu wa kushoto aliunyoosha mbele.

"Umeshajaza?"

"Bado."

"Mama, fomu inauliza paja moja. Andika la kulia. Hujadanganya mtu."

Mama alikuwa anapindua kola ya sare ya shule. Hakuinua macho.

"Na kwenye daftari lako, namba saba umeandika nani?"

"Yule wa chuo cha ualimu."

"Yule?" Binti akacheka, cheko lisilo na raha. "Yule anakaba kama anaomba radhi!"

"Miguu yake iko sawa."

"Juzi tumepimwa mbio. Nimekuwa wa tatu. Wa tatu, mama, timu nzima. Daktari hajauliza kitu."

"Hajauliza kwa sababu hujasema."

"Na wewe ndiye utakayesema?" Alisimama. "Wewe ni fundi wa nguo, mama. Si daktari."

Cherehani ilinyamaza. Mama aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Ni kweli," alisema. "Ndiyo maana naandika inchi tu. Ugonjwa sijaandika."

"Mama wa wenzangu watakwenda uwanja wa ndege kupiga vigelegele. Wangu anapeleka inchi!"

Mwandishi alitaka kutoka nje kuwapisha. Mama alimzuia kwa mkono. "Kaa, dada. Ulikuja kuona kazi, kazi ndiyo hii."

Kisha aliivuta fomu. Aliandika polepole, kwa herufi za mtu anayetaka zisomeke: kulia 23½, kushoto 21¾. Nafasi ilikuwa ya namba moja, kwa hiyo ya pili ilikaa pembeni, juu ya mstari. Alipuliza wino ukauke, akaibana fomu pamoja na nyingine.

Binti alikuwa akitazama kalamu tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuinyang'anya. Angeweza, maana mama yake ni mdogo wa mwili na meza ni nyembamba.

"Wataniita kwa daktari jioni hii hii."

"Najua."

"Nitatolewa."

"Najua, mwanangu. Treni nilimwandikia kipimo kimoja. Nilikuwa nampenda, na hata mtoto wangu hakuwa. Wewe nitakufanyia vile?"

Mama alivuta droo, akatoa daftari la nane, jipya, kurasa zake bado zinanukia duka. Aliufungua ukurasa wa kwanza, akamsogezea.

Juu kabisa, bila kungoja mashindano ya sasa yaishe, alikuwa ameandika mwaka wa mashindano yanayofuata, si haya, yale ya miaka minne mbele. Chini yake majina kumi na matano. Wengine bado wako shuleni. Mmoja ana miaka kumi na sita, na mwili wake, kwa maelezo ya fundi, "bado unaamua." Namba saba lilikuwa jina la binti yake.

"Utakuwa na ishirini na nane," mama alisema. "Umri mzuri kwa namba saba. Goti litatengenezwa, paja litarudi, nitalipima kila mwezi mpaka yalingane. Kitambaa cha jezi yako nitanunua mwenyewe, sitangoja cha chama. Nimeshaanza kuweka akiba. Hapa nyumbani nafasi ipo, godoro ni la kuongeza tu. Rudi ukae hapa wakati unajiuguza."

Ndiyo mipango yake yote, na aliisema kwa pumzi moja, kama mtu aliyeirudia peke yake siku nyingi.

"Miaka minne?" binti alisema. "Nani amekuahidi hiyo miaka minne?"

"Hakuna. Naiomba kila asubuhi."

Binti aliuinamia ukurasa. Kidole chake kilianzia jina la kwanza, kikashuka. Kilipita namba saba bila kusimama, kikaenda mpaka kumi na tano. Akalifunga daftari, akaliweka juu ya sare za shule zilizokunjwa, akalinyoosha likae sawa na kona. Mama alikuwa ameshageuka upande wake, mikono mitupu, futikamba ikining'inia shingoni.

Binti akachukua begi lake.

Ngazi za mlangoni ni tatu. Alizishuka moja moja, mguu wa kushoto ukitangulia kila mara na wa kulia ukiufuata kwenye ngazi ileile, kama mtu anayelinda goti, akavuka barabara, akaenda zake.