Injini Niliyoiua kwa Kuona Aibu

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilikuwa ya vumbi la mavuno kule uwanda wa Hanang, na mpaka leo nikiikumbuka natamani ardhi inimeze. Kaa hapo, weka simu chini. Wewe unanijua kama mzee anayekwenda kanisani amechomekea shati. Hukunijua nilipokuwa kijana mwenye leseni mpya mfukoni, nimevimba kichwa, najiona dunia nzima inanitazama mimi.

Wakati ule serikali ilikuwa inalima ngano. Ukitoka Masakta kwenda mashambani unaona ngano tu mpaka macho yanachoka, na kombaini za kuvunia zinatembea ndani ya vumbi lao zenyewe. Vumbi lile lilikuwa linaua injini. Linaingia na hewa, linasaga pistoni taratibu, na kabla mavuno hayajaisha mashine imekufa. Aliyelishinda ni Fundi Boay, mtu wa Tumati, fundi wa karakana ya shamba. Alipandisha bomba la hewa juu kabisa, akaipitisha hewa kwenye mafuta kwanza, vumbi likanasa humo. Kombaini zake zikawa zinamaliza msimu.

Sasa, miaka hiyo magari ya mbio yalikuwa yanapita kwetu, na yalikuwa yanakufa kwa vumbi lilelile. Dereva mmoja wa Arusha akasikia habari za Boay, akamletea injini. Fundi akaijenga upya jioni jioni, akitoka kazini, kwenye kibanda chake cha mabati. Gari lile likamaliza mbio huku yale yenye injini kubwa yanavutwa kwa kamba. Basi jina likatoka! Injini zikawa zinakuja kwake zimefungwa magunia, na wenye magari ya mbio wakaanza kuyapandishia mabomba ya hewa kama kombaini za ngano.

Lakini yeye hakuishia kwenye mbio. Alikuwa anasema, "Mbio zinanionyesha kwa siku chache kitakachoharibika kwenye pikapu ya mtu baada ya miaka. Nikishakiona nakiwahi." Chochote alichojifunza kwenye gari la mbio alikirudisha kwenye malori ya shamba, magari ya misheni, hata pikapu za wauza mbuzi. Vitu hivi mafundi wa mjini Katesh wanavifanya mpaka leo, na wengi hawajui vilitoka kwa nani.

Mimi nilikuwa dereva wa pikapu ya zahanati. Gari lenyewe ndilo hilo moja, na akina mama wote walioshindwa kujifungua salama kijijini walilitegemea kufika hospitali. Injini yake ilipochoka, Fundi aliijenga upya kama anavyojenga za mbio. Na pembeni, kwenye meza hiyohiyo, palikuwa na injini nyingine ya aina ileile. Hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa ameikusanyia vipuri kwa miaka, na vipuri enzi zile, mwanangu, hata ukiwa na fedha hupati. Dereva wa Arusha alikuwa amekubali kuikimbiza kwenye mbio zilizokuwa zinakuja, na jina la Boay liandikwe mlangoni mwa gari. Mzee wa watu alikuwa anaifunika kwa shuka ya kitandani kwake.

Aliponikabidhi pikapu alinishika bega. "Injini mpya inazoezwa kama ndama wa kulimia," akasema. "Wiki nzima utabeba pumba za ngano, mwendo wa ng'ombe. Ng'ombe akikupita, mwache apite. Ikipata joto unasimama, unaiacha ipoe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Fundi."

Nilielewa vizuri kabisa. Nisije nikakudanganya kwamba sikuelewa.

Siku za kwanza nilivumilia. Halafu siku hiyo, njia ya Basotu, vijana wafugaji walikuwa wanapeleka ng'ombe kwenye maji. Ng'ombe wakanipita, naapa. Ndama naye akanipita. Kijana mmoja akainama dirishani, uso mkavu kabisa, akaniambia, "Shikamoo, babu." Wenzake wakadakia, "Shikamoo! Shikamoo, babu!" kila mmoja kwa zamu yake, kwa heshima zote. Ningeweza kucheka nao yakaisha. Lakini nyuma yao walikuwa wanakuja wasichana na madebe ya maji, na mmoja wao ni Paskalina, ambaye nilikuwa nimeanza kumtumia salamu kupitia dada yake. Paskalina akaweka debe chini, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, babu. Pole na safari."

Damu ikanipanda. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ile ilikuwa tamu, mwanangu! Ililia kama ya mbio kwelikweli, nikawaacha kwenye vumbi, nikapandisha kilima chote bila kubadili gia, pumba zinamwagika nyuma. Nilikuwa nacheka peke yangu. Juu ya kilima ikanoki. Mlio mmoja mbaya wa chuma, halafu kimya. Nilishuka nikafungua boneti, moshi ukanipiga usoni, nikajua nimeua.

Trekta la shamba ndilo lililonivuta mpaka kwa Fundi, tukiwapita vijana walewale. Safari hiyo hakuna aliyenisalimia.

Fundi alizungusha injini kwa mkono, haikuzunguka. Akafungua. Pistoni zilikuwa zimekwaruzika, na silinda imechanika mistari mirefu. "Ulikimbiza," akasema. Nikainama kuokota nati. "Nakuuliza wewe! Ulikimbiza?"

"Walinicheka, Fundi."

Lo! Alirusha spana ikagonga bati, nikadhani inayofuata ni yangu. "Walikucheka! Ungekufa kwa kuchekwa?"

Kabla sijajibu akaingia muuguzi wa zahanati, Mama Anjela, anahema. Kulikuwa na mama uchungu umemshika tangu asubuhi na mtoto amekaa vibaya. "Fundi, gari liko tayari?" Akaliona boneti liko wazi. Akaniangalia mimi. Akatoka mbio kumwita dereva wa trekta. Mama yule alipelekwa hospitali kwenye tela la trekta, juu ya magunia, njia yote ile ya mashimo, na Mama Anjela amemshika mkono. Alipona, na mtoto alipona, namshukuru Mungu kila siku. Lakini nilimsikia anavyolia tela lilipokuwa linaondoka, na sauti hiyo sijaisahau.

Fundi alisimama akaangalia barabara mpaka trekta likapotea. Kisha akaenda kwenye meza, akaivua shuka injini yake. "Shika upande huo," akaniambia. Tukainyanyua, tukaifunga kwenye pikapu ya zahanati. Nilikuwa nafunga nati na machozi yananidondoka kwenye mikono, na yeye anaona, na hakunibembeleza.

Siku ya mbio watu walijaa barabarani. Yule dereva wa Arusha alipita na injini ya fundi mwingine, mlangoni jina la mtu mwingine. Jirani mmoja, bila ubaya, akauliza kwa sauti, "Fundi Boay, ya kwako ni ipi?"

Fundi akasema, "Yangu iko kazini."

Watu wakacheka, wakadhani anajitetea. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake. Angeweza kuninyooshea kidole, nami ningestahili. Hakunitaja, siku hiyo wala siku nyingine. Na mimi, mwanangu, sikufungua mdomo kuwaambia kwa nini. Ikasemwa Boay ameshindwa kutoa injini aliyoahidi, na watu wa mbio hawakurudi tena kibandani kwake. Mashamba ya serikali yalipokufa, alirudi Tumati kulima mahindi, akafia huko, na hakuna gari lililowahi kuandikwa jina lake.

Ndiyo maana nakuambia. Utachekwa. Utachekwa kwa kwenda polepole, kwa viatu, kwa kukataa pombe, kwa kumtii mtu aliyekufundisha kazi. Aibu ya kuchekwa inaisha ukikata kona. Ila ukimwangusha mtu aliyekuamini ili wewe usichekwe, aibu hiyo utazeeka nayo kama mimi. Na ukiona mtu anachekwa kwa kosa lako, sema papo hapo, "Ni mimi." Ni maneno mawili tu, na mimi yalinishinda.

Nenda sasa. Mungu akupe moyo wa kustahimili kicheko cha watu, akupe kazi ya mikono yenye faida kwa wengine, na akujalie ukizeeka uweze kuwatazama usoni watu wote uliokula nao.