Salama ya Wiki Sita

Niliwahi kuuandika mtaa mzima kwamba uko salama, wiki sita mfululizo, huku watu wake hawalali majumbani mwao. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimekaa kwenye zulia la sebule yetu ya ughaibuni, Peckham, simu sikioni, harufu ya dagaa ikitoka jikoni, na nilijiona mtu muhimu sana.

Kazi yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na mji wetu kule mashariki mwa Kongo ulikuwa mikononi mwa jeshi la kigeni. Mama na wenzake wachache walijitolea kufuatilia jinsi raia walivyoishi chini ya wanajeshi hao. Kila mmoja alishika mtaa mmoja, akapiga simu kila Jumamosi na kujaza fomu, na fomu zikawa ripoti kwa watu wa haki za binadamu. Mama alipopangiwa kusafisha ofisi Jumamosi, simu ikaniangukia mimi, kwa kuwa niliandika Kiingereza kizuri na nilikuwa mtoto asiyetoka nyumbani hata kwa kufukuzwa. Wenzangu walicheza mpira chini ya ghorofa. Mimi nilifuatilia vita bila hata kuvaa viatu.

Upande wa pili alikuwa mama mukubwa Faida, dada ya mama, aliyeisubiri simu yetu ofisini kwa padri. Nikimuuliza habari, hujibu, "Tuko salama, mwana, tunashukuru Mungu." Basi, naandika: salama, hakuna tukio. Akivuta pumzi ili aendelee, namuaga kwa adabu zote, maana katuni zinaanza. Sikujua kwamba kwetu hata aliyefiwa hujibu salama kwanza, ndipo aseme amefiwa. Mama alizisaini fomu jioni, amechoka, akanisifu mwandiko.

Kisha ikasikika kwamba wachunguzi wanakwenda kule, nao watatembelea mitaa michache tu. Wetu ukafutwa kwenye orodha kwa utulivu wake. Jumamosi iliyofuata mama alikuwa na mapumziko, akapiga mwenyewe ili ampongeze dada yake. Dada akasema salama. Mama hakuaga, akangoja, halafu akamuuliza dada yake mkubwa, yaya kwa lugha ya kwetu, taratibu, "Na usiku munalalaka wapi, yaya?"

Nilikuwa nimebandika sikio kwenye simu. "Ku parokia," mama mukubwa akajibu, kisha akawataja basoda, wanajeshi wale. "Basoda balikamata shule, na usiku banagongaka ku kila mulango. Ni wiki sita sasa. Nilitaka kumwambia mutoto, lakini ule mutoto wako ana haraka sana."

Mama hakunipiga. Alinifanyia baya zaidi: alinivalisha koti, tukapanda mabasi mawili hadi kwa katibu wa kikundi, nikasimama mbele ya watu wazima kusema kwamba fomu sita zenye mwandiko safi hazikuwa na ukweli.

"Hukumuuliza kitu kingine?" katibu akasema.

"Sikumuuliza."

Akawaandikia wachunguzi barua pale pale. Wachunguzi waliufikia mtaa siku yao ya mwisho, wakamsikiliza mama mukubwa kwa nusu saa. Wanajeshi waliondoka shuleni baada ya miezi mingi. Kama ni kwa sababu ya nusu saa ile, sijui, wala sijifanyi kujua.

Siku hizi naishi Hayes, huku huku ughaibuni, na bado sitoki. Habari za kwetu hunifuata kwenye kochi. Video hufika kabla vumbi halijatulia, wapwa zangu huniuliza kwa Kiingereza kama ni kweli, kisha kidole chao kinahamia nyingine. Zamani tulikuwa na sauti moja kwa wiki, nami sikuingoja imalize. Leo tunazo nyingi mno, na sioni kwamba tunangoja zaidi. Majuzi nilimsimulia haya jirani yangu Mama Kerubo, nesi Mkenya, nikitegemea atanicheka au atanihurumia. Akaweka kikombe chini, akasema:

"Wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Hao watu wazima walisoma 'salama' wiki sita kutoka mji umejaa wanajeshi, na wakaamini. Wao walikuwa na miaka mingapi?"